Mshipa Uliokawia Njiani

Kioo nilikiegemeza ukutani mimi mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu watu wakiniuliza habari za mkono wa mke wangu, kwa muda mrefu nimekuwa nikijibu, "Alijikata na kioo," kana kwamba kioo kilishuka dirishani kwa miguu yake kikamfuata.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kioo cha dirisha la jikoni kilikuwa na ufa, nikanunua kingine, nikakileta nyumbani kimefungwa magazeti. Mke wangu haoni. Surua ilimpofusha akiwa na miaka mitatu, na nyumba ya mtu asiyeona ina sheria zake: kiti kikivutwa kinarudishwa, mlango ama uko wazi wote ama umefungwa wote, na kwenye ujia hapawekwi kitu, hata kiatu. Sheria hizo nilizishika kwa miaka kumi na tisa. Siku hiyo nilikuwa nimeshakifungua kioo, nakipeleka jikoni, simu ikaita chumbani. Alikuwa msimamizi wetu wa kazi, anauliza kuhusu kitabu cha hesabu. Nikakiegemeza kioo ukutani, palepale kwenye ujia, nikajiambia ni dakika moja tu.

Msimamizi ni mtu wa maneno mengi. Nilimsikia mke wangu akiingia kwa mlango wa nyuma, nikasikia ndala zake na maji yakichuruzika kutoka kwenye beseni la nguo. Nikafungua mdomo kumwita. Sijui kama sauti ilitoka. Yeye anasema haikutoka.

Mguu wake ulikigonga kioo, akayumba, akanyoosha mkono wa kulia ashike ukuta. Hakuupata ukuta.

Nilimfunga taulo kwenye kifundo cha mkono nikatafuta gari. Njiani alikuwa ametulia kuliko mimi. Aliniuliza swali moja tu.

"Vidole vyangu vipo?"

"Vipo vyote."

"Mbona sivisikii?"

Nikamwambia ni ganzi, itaisha.

Sasa niseme mkono ule ulikuwa na kazi gani. Mimi na yeye tulifanya kazi kwenye karakana ya kuchapa vitabu vya wasioona, vile vya nukta nundu, ambavyo herufi zake ni vinundu vidogo juu ya karatasi nzito na msomaji huzipitia kwa ncha za vidole. Kitabu kimoja cha shule huko kwetu kilikuwa kinageuka mijalada tisa, mtu hawezi kuibeba kwa mara moja. Mke wangu alikuwa mhakiki. Kabla kitabu hakijatoka, mimi nilikaa upande huu wa meza na nakala ya kawaida nikaisoma kwa sauti, pamoja na mikato na mabano na aya mpya, naye alikaa upande wa pili akipitisha kidole cha shahada juu ya nukta. Akikuta kosa hugonga meza mara moja, nami husimama. Makosa yenyewe ni membamba kama unywele. Nukta moja ikizidi, "kama" inageuka "mama", na "kali" inageuka "mali." Mashine haijui tofauti. Kidole chake kilijua.

Wenzetu walimwita Bi Nukta, na jina hilo alilipenda. Siku ya kwanza nilipoajiriwa, kijana mwenye majivuno ya sauti nzuri, nilisoma ukurasa mzima bila kupumua nikangoja kusifiwa. Akasema, "Unasoma kama mtu aliyeacha chungu motoni. Halafu umeruka neno mstari wa nne." Baada ya miezi minane nilimposa. Alinijibu kwamba atafikiria nikishajifunza kutamka nukta-mkato bila kuionea haya.

Wasomaji wengi wa nukta nundu hutumia mikono yote miwili, ila kila mtu na mgawanyo wake. Kwake yeye, mkono wa kulia ndio uliosoma. Wa kushoto ulitangulia tu kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata. Ndiyo maana hospitalini, alipoambiwa kwamba kano za vidole zimeshonwa vizuri na ataweza kushika kikombe, alisema asante kwa adabu zote, kisha akauliza, "Na kusoma?"

Daktari wa zamu aliacha kuandika. Alituambia kwamba mshipa mkubwa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo, ule unaopeleka hisia kwenye dole gumba na vidole viwili vinavyofuata, haukukatwa tu bali umechanwachanwa. Walilazimika kuondoa kipande kilichoharibika, na pengo lililobaki ni la sentimita tatu. Akaandika barua ya kutupeleka hospitali kubwa, kwa daktari bingwa aliyekuwa akifanya utafiti wa mambo hayo.

Huyo bingwa alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye kiatu kinacholia kila anapokanyaga. Mke wangu alimpenda kwa sababu ya kiatu kile, maana alijua daima yuko upande gani wa chumba. Alivuta kiti akakaa karibu, akaushika ule mkono wenye bandeji akaueleza kama vile anamweleza mwenye mali habari za mali yake.

"Mshipa wa fahamu ni kama waya mnene wenye nyuzi elfu na elfu ndani yake," alisema. "Ukikatwa, nyuzi za upande wa vidoleni hufa, zikabaki ala tupu. Lakini za upande wa juu bado zina uhai, na zinataka kurudi. Zinachipua. Tatizo ni kwamba hazina macho."

"Hilo si tatizo," mke wangu akasema. "Hata mimi natembea."

Daktari akacheka, akaendelea. Kwa wenye bahati, nyuzi hutembea milimita moja kwa siku, zikaingia kwenye zile ala na kuzifuata mpaka nchani. Pengo likiwa refu hupotea njiani. Dawa ya kawaida ni kuchukua mshipa usio na kazi kubwa kwenye mguu na kuziba nao pengo. Yeye alikuwa anajaribu njia nyingine: mrija mwembamba unaoyeyuka mwilini wenyewe baada ya miezi, na ndani yake ute uliotiwa vichochezi vya ukuaji, yaani zile protini ambazo mwili wenyewe huzitoa kuuita mshipa ukue na kuulisha unapokua. Kwa wanyama wa maabara njia hiyo ilikuwa imefanikiwa. Kwa watu, wagonjwa sita walikuwa wameanza, na ilikuwa mapema mno kusema.

"Nami nitakuwa wa saba," mke wangu akasema.

"Ukikubali. Usipokubali nitakufanyia ile ya kawaida, wala sitakununia."

Fomu ya ridhaa ilikuwa na kurasa kumi na nne. Yeye alitaka nimsomee yote pale nyumbani, na mikato yake. Ukurasa wa sita akagonga meza kwa mkono wa kushoto. "Rudia hapo." Nikarudia. Palikuwa pameandikwa "mguu" mahali pa "mkono." Tulicheka siku ile, cheko la kwanza tangu Jumamosi ile. Kisha akaniuliza mimi ningechagua nini. Nikasema mrija. Nilisema haraka, kabla hajamaliza kuuliza. Ile njia ya kawaida ilikuwa na maneno kama "kwa kiasi" na "huenda", na mimi sikutaka kiasi. Nilitaka mkono urudi kama ulivyokuwa kabla sijanunua kioo.

Akatia saini kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizolala upande.

Upasuaji ulichukua saa nne. Bandeji zilipotolewa, tukaanza kuhudhuria kliniki kila baada ya wiki mbili. Kipimo kilikuwa rahisi hata mimi nilijifunza kukifanya. Daktari alikuwa anagonga taratibu kwa ncha ya kidole, kuanzia juu ya kovu akishuka kuelekea kiganjani. Mahali zilipofika nyuzi zinazokua, mtu husikia kama mstuko mdogo wa umeme ukikimbilia vidoleni. Mke wangu alikuwa anasema, "Hapo," na daktari huweka alama ya kalamu juu ya ngozi na kuandika tarehe. Nyumbani yeye hupima kwa rula yake yenye vinundu, akiuliza, "Alama iko wapi?" nami huushika mkono wake wa kushoto nikamwekea kidole juu yake.

Wiki sita za mwanzo zilikuwa tamu. Alama zilishuka haraka kuliko milimita moja kwa siku. Daktari alijitahidi kuficha furaha yake lakini kiatu kilimsaliti, kilikuwa kinalia huku na huku. "Vichochezi vinafanya kazi," alisema. "Nyuzi zinakwenda mbio." Mke wangu alirudi nyumbani akapiga hesabu: kutoka mwisho wa mrija mpaka ncha ya kidole cha shahada ni sentimita kumi na saba na nusu, basi ifikapo mwezi wa nane tangu upasuaji ataanza kusikia nukta. Alimpigia simu msimamizi akamwambia amwekee kitabu cha jiografia, asimpe mtu.

Halafu alama ikasimama.

Ilisimama chini kidogo ya mkunjo wa kifundo, hasa pale mrija ulipoishia. Wiki mbili zikapita, ikawa palepale. Mwezi. Daktari aligonga juu yake, mke wangu akaruka kwa umeme. Akagonga sentimita moja chini, kimya. Nusu sentimita, kimya.

"Mshipa nao hupumzika," nikasema.

Daktari akaifunga kalamu yake.

Miezi mitatu alama ilikaa pale. Mimi nilianza kuwa mwongo. Nyumbani aliponiomba nigonge, niligonga palepale pa zamani nikamwambia nimeshuka kidogo, ili aseme "hapo" ya uongo afurahi. Nilifanya hivyo mara mbili. Mara ya pili akachukua rula, akapima, akairudisha mezani, na tangu siku hiyo aligongwa na daktari tu.

Mwezi wa saba tangu upasuaji daktari alimwingiza kwenye mashine ya picha. Alituita ofisini, akafunga mlango, akakaa karibu kama siku ile ya kwanza. Mke wangu alisikia namna anavyovuta pumzi, akamtangulia.

"Zimepotea?"

"Hazijapotea, mama. Zimekaa." Alisita. "Pale mwisho wa mrija pana fundo, ukubwa wa punje ya hindi. Ni nyuzi zako. Nyingi sana, kuliko tulizotarajia. Zimejikunja zikajizungusha hapohapo zikatoa matawi. Vichochezi tulivyoweka vilizivuta kweli, zikaja mbio. Lakini tuliviweka vingi ndani ya mrija, na nje yake hakukuwa na kitu. Zilifika penye chakula zikaona hakuna haja ya kuendelea na safari."

Mke wangu alifikiri. "Kwa hiyo mlizipikia njiani."

"Ndiyo," daktari akasema. "Tulizipikia njiani. Na kwa wengine watatu naona jambo hilohilo. Nimesimamisha utafiti tangu jana. Kosa la kipimo ni letu, si la mwili wako. Nilitaka ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwingine."

Nimewajua watu wazima wengi, na ni wachache wanaoweza kukaa kiti kimoja na mtu waliyemkosea wakasema maneno yale. Nilimtazama yule mama mfupi nikamwonea wivu.

Si kwamba hakuna kilichopita. Nyuzi chache ziliponyoka pale mlangoni zikaendelea, na mwezi wa kumi na moja mke wangu alikuwa anaosha vyombo akashtuka akautoa mkono majini. "Ni ya moto," akasema. "Maji ni ya moto." Tukakimbilia kliniki kama watu walioshinda bahati nasibu. Lakini nyuzi zile zilikuwa zimeingia ala zisizo zake. Mtaalamu wa mazoezi ya mikono, kijana mpole aliyekuwa na kisanduku cha brashi na vitambaa na mchanga, alimgusa kidole cha shahada.

"Umenigusa cha kati," mke wangu akasema.

Akamgusa dole gumba.

"Cha shahada. Au vyote viwili. Ni kama mtu ananigusa kupitia blanketi."

Wakampima kwa kidude chenye ncha mbili: ncha zikiwa mbali anasikia mbili, zikisogezwa karibu anasikia moja. Zilianza kuungana zikiwa milimita tisa. Mimi sikuhitaji kuelezwa. Nukta za maandishi yetu zimeachana milimita mbili na nusu. Kwake yeye herufi nzima sasa ilikuwa kitu kimoja, uvimbe tu juu ya karatasi.

Hata hivyo alitaka kujaribu. Mwaka mmoja na nusu baada ya upasuaji tulikwenda karakanani Jumapili, wakati hakuna watu, na ufunguo wa msimamizi. Alikaa kwenye kiti chake. Nilimwekea ukurasa mmoja wa hadithi ya watoto. Aliweka kidole cha shahada mwanzoni mwa mstari akakipeleka polepole, akakirudisha, akakipeleka tena. Nilimwona akikaza shingo upande, namna anavyofanya akisikiliza kitu cha mbali. Alikaa na mstari ule mmoja labda dakika ishirini. Kisha akalaza kiganja chote juu ya ukurasa, akakiacha hapo.

"Ni karatasi yenye vipele," akasema. "Twende nyumbani."

Karakana ilimngoja kadiri ilivyoweza, na hilo siwalaumu. Mwishowe wakamwajiri binti mmoja aliyefundishwa kusoma na mke wangu mwenyewe zamani, akiwa shule. Nilitaka kuacha kazi. Mke wangu akakataa.

"Vitabu vinahitaji msomaji," alisema. "Sauti yako haikukatwa."

Basi kila siku nilikaa upande wangu wa meza nikamsomea mwingine. Binti ni mhakiki mzuri, na ana heshima kupita kiasi. Badala ya kugonga meza anasema, "Samahani mzee, naomba urudie hapo." Mwezi mzima nilikuwa nasimama mwenyewe katikati ya sentensi, nangoja kugongwa. Jioni mke wangu aliniuliza, "Mmekuta makosa mangapi leo?" Nami nilipunguza idadi, nikidhani kwamba namhurumia. Siku moja akasema, "Makosa manne kwenye mijalada miwili ya historia? Ama mashine imepata akili, ama unanidanganya tena kama ule mwezi wa rula."

Ndipo daktari akatuita kwa jambo la mwisho. Angeweza kumpasua upya, alisema, akate lile fundo lote, aweke kipande cha mshipa kutoka mguuni, ile njia ya kawaida. Hisia kidogo iliyokwisha kurudi ingepotea yote, ingeanza safari upya, mwaka mmoja na nusu au miwili. Uwezekano wa kusoma tena ni mdogo kwa sababu muda umepita, lakini upo. Hakushauri wala hakukataza.

Nyumbani nilianza kupanga. Nilisema tungeweza kwenda mwezi ujao. Nilisema mdogo wake angekuja kusaidia kazi za nyumbani. Nilikuwa natembea jikoni toka jiko mpaka dirisha, na yeye amekaa mezani mikono imelala mbele yake.

"Sitaki," akasema.

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri tangu ofisini kwake. Sasa hivi najua maji ya moto. Najua shuka ni baridi asubuhi. Nikikushika uso nasikia kama umenyoa. Hata kama nasikia kwa kidole kisicho chake, nasikia. Unataka niyarudishe hayo yote nikae miaka miwili nangoja?"

"Daktari amesema uwezekano upo."

"Upo mdogo. Nimemsikia vizuri, masikio yangu hayajaguswa."

"Huwezi kukata tamaa hivi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imepanda. "Huwezi kukaa tu hapa. Ule mkono lazima urudi."

Aliivuta mikono yake kutoka mezani. Halafu akasema polepole, bila ukali, "Unataka nikatwe mara ya pili ili wewe upone."

Nilivuta kiti nikakaa. 

"Nilikiweka mimi," nikasema.

"Najua. Nilikuwepo."

"Nilikiacha kwenye ujia. Nilijua, na nikakiacha."

"Miaka miwili nimekungoja useme hayo," akasema. "Kila daktari, kila nesi, hata shemeji yako kwenye simu, nakusikia unasema, 'Alijikata.' Mimi sikujikata, mume wangu. Kosa lenyewe nilikusamehe palepale kwenye gari. Nilijua ni simu, najua msimamizi alivyo. Lakini kila ukisema nilijikata, nabaki peke yangu na kioo kile. Ni mimi na kioo, wewe hukuwepo."

Nililia mbele yake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Hakunibembeleza. Alinipa kitambaa cha kufutia vyombo, kilichokuwa kimelowa, na tukakaa hivyo mpaka maji ya chai yakakauka kwenye birika, tukasikia harufu ya chuma.

Hakupasuliwa tena. Nilimwandikia daktari barua kwa imla yake, na mahali pa sababu ya jeraha alinitaja mimi na kioo, nami nikaandika kama alivyosema.

Sasa anasoma kwa mkono wa kushoto. Amejifundisha upya kama mtoto wa darasa la kwanza, herufi moja moja, na midomo inacheza. Ukurasa uliokuwa dakika tatu unamchukua karibu nusu saa, na kazi yake ya zamani haiwezi kurudi kwa mwendo huo. Akichoka anafunga kitabu katikati ya sentensi, yeye ambaye hakuwahi kuacha sentensi njiani. Binti wa karakanani huja siku za mapumziko na maswali ya alama ngumu za hesabu, na mke wangu humjibu kwa kichwa, bila kugusa karatasi. Akiondoka binti, nyumba huwa kimya kwa saa nzima.

Wiki iliyopita daktari alikuja kututembelea. Alikuwa na kiatu kingine kisicholia, mke wangu akamlalamikia. Tulikaa sebuleni tukanywa chai. Alisema utafiti umeanza upya tangu mwaka jana, kwa namna nyingine: vichochezi ni vichache sana mwanzoni mwa mrija, vinaongezeka kidogokidogo kuelekea mbele, na vinakwisha nguvu baada ya wiki chache ili nyuzi zisipate sababu ya kukaa. Walipanga hivyo kutokana na picha za watu wanne wa kundi la kwanza, na picha iliyoonyesha wazi zaidi ilikuwa ya mkono wake. Kati ya wagonjwa watano wapya, wawili nyuzi zao zimepita.

"Zimefika nchani?" mke wangu akauliza.

"Zimefika."

"Milimita ngapi?"

"Mmoja nne. Mwingine tatu."

"Huyo wa milimita tatu anafanya kazi gani?"

"Fundi saa."

"Vizuri," akasema. "Atazihitaji." Akauliza kama fundi ana watoto, na kama aliumia mkono anaofanyia kazi, na alipojibiwa yote alimshukuru daktari kwa kuja kumwambia. Akamsindikiza mpaka mlangoni, akamwonya kuhusu ngazi.

Nilidhani amekwenda chumbani. Nilikusanya vikombe nikavipeleka jikoni, nikamkuta amesimama kwenye sinki, bomba limefunguliwa, maji yanapita juu ya mkono wake wa kulia, na mabega yanatikisika. Tangu Jumamosi ile, tangu gari, tangu ule ukurasa wa watoto, sikuwa nimemsikia akilia. Alikuwa analia bila kujizuia, kwa sauti, mdomo wazi.

"Zimefika," alikuwa anasema. "Zimefika, za mwenzangu zimefika."

Niliweka vikombe chini.  Nilisimama kando yake, bega kwa bega, na alipomaliza aliniuliza kama daktari amemaliza chai yake, nikamwambia alibakisha kidogo.